Safari ya Tanga kufuata bunduki za Mjerumani

Nilitoka Dar Ijumaa alfajiri na basi la kwanza la Tanga, mkobani nina tochi ndogo, kalipa ya kupimia, penseli laini mbili, karatasi nyembamba za kutosha na daftari, basi, hivyo ndo vitendea kazi vyangu vyote. Huwa naulizwa sana kama nanunua bunduki za kale. Hapana, sinunui wala siuzi, sheria ya silaha hapa kwetu haina mchezo na bunduki ni bunduki hata kama imetengenezwa kabla babu yako hajazaliwa. Mi nakusanya kumbukumbu zake tu: picha, vipimo, namba, mihuri iliyogongwa kwenye chuma, nazikusanya kabla kutu haijazila au mtu hajazifuta, na kwa uzoefu wangu mtu anafuta nyingi kuliko kutu.

Chalinze tukanywa chai, Segera tukakunja kulia, Muheza nikanunua machungwa ya buku, saa saba mchana niko Tanga. Joto lake mnalijua.

Jamaa mmoja aliniambia kuna ofisi pale mjini, jina nalihifadhi, stoo kwao kuna bunduki ya Mjerumani imelala miaka nenda rudi. Nilishaomba ruhusa mapema kwa barua, nikakaribishwa vizuri, mlinzi akaitoa kwenye blanketi. Jamani moyo ulinishuka. Bunduki yote ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya! Walisikia mgeni anakuja kuiangalia wakamuita kijana, akaipiga msasa mtutu mzima, mbao akazipaka vanishi, chuma akakimalizia na rangi ya siva. Walifanya kwa nia njema kabisa na sikuwa na uso wa kuwalaumu, nikashukuru, nikaomba meza karibu na dirisha nikaanza kazi.

Umbo lenyewe lilitosha kunambia ni Mauser ya 1871, wakusanyaji wanaiita M71. Ndefu, nzito, kama kilo nne na nusu hivi, haina magazini, risasi inaingia moja moja kwa mkono. Nyuma ya bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga risasi ndani, kuna kibawa cha kufungia usalama, na mkono wa bolti umenyooka, unaunyanyua wima ndo unavuta. Nilivuta taratibu baada ya kuhakikisha chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu. Kitu ambacho wengi hawajui, hii bunduki haina kifaa cha kurusha ganda nje, ganda linatoka chemba linakaa pale pale, inabidi askari aiinamishe bunduki ubavu lidondoke alafu ndo aweke nyingine. Hebu fikiria unafanya hivyo huku unapigwa risasi.

Pembeni kushoto, pale panapogongwaga maneno I.G.Mod.71, yaani bunduki ya askari wa miguu modeli ya 71, kwa herufi za kizamani za Kijerumani, msasa ulikuwa umebakiza kivuli tu. Nikaweka karatasi juu, nikasugua penseli kwa ubavu, nikapata herufi G na nusu ya 7. Ya mtutuni, ambayo ingenambia ilitoka kiwanda gani, imeenda kabisa. Hiyo iliniuma kwa sababu M71 hazikutoka sehemu moja, kuna za Spandau na Amberg kule Ujerumani, za Steyr kule Austria, na zipo hata zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, yaani kuna uwezekano askari wa Mjerumani alimlenga Mwingereza kwa bunduki iliyotoka kwao Mwingereza huyo huyo, na muhuri mmoja tu ndo ungetuambia.

Lakini msasa haufiki kila mahali. Nikamulika tochi kwa kuilaza, mwanga ukapita juu ya chuma kama jua la jioni, namba zikaanza kujitokeza moja moja: kwenye bolti inaishia 63, skrubu moja 63, skrubu ya pili 08, na bamba la kitako lina taji dogo kama punje ya mchele na namba nyingine kabisa. Mkusanyaji wa Ulaya angeikataa palepale, wao wanataka kila kipande kiwe na namba moja, bei inashuka sana zikichanganyika. Mi naona kinyume chake, bunduki ya huku iliyochanganyika namba ndo nzuri, maana kuna fundi aliifungua, akachukua bolti ya ile iliyovunjika kitako akaitia kwenye ile iliyopasuka mtutu, ili ifanye kazi tena. Ule mchanganyiko ndo historia yake. Nilikaa nayo saa tatu na nusu, picha 74. Kabla sijaondoka nikamuomba yule kijana kwa upole, ndugu yangu, nyingine ikitokea usiisugue, ipake mafuta mepesi kwa kitambaa uiache. Akaandika ukutani kwa chaki, "TUSISUGUE".

Jumamosi asubuhi nikatembea kwa miguu mpaka Ras Kazone. Waingereza walishuka upande huu Novemba 1914, watu kama 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, na Mjerumani alikuwa na kama 1,000 tu, wengine wameshushwa kwa treni toka Moshi. Askari wake wengi walikuwa na hizi hizi M71 na baruti yake ni ile nyeusi, ukifyatua linatoka wingu la moshi, adui anaona kabisa ulipo. Na bado tarehe 4 walishinda. Waingereza walipopanda meli zao tarehe 5 waliacha bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, bombomu 16 na risasi laki sita. Kwa hiyo kuanzia wiki ile, ukitaka kujua bunduki za askari wa Mjerumani huwezi kutafuta za Kijerumani peke yake. Nimesimama pale chini ya miti, upepo wa bahari unapiga, nikajaribu kuwaza moshi ule umetanda kati ya minazi na mizinga ya nyuki, maana nyuki nao siku ile waliwavamia watu.

Jumapili nikachukua bodaboda njia ya Horohoro, tukakata kulia kwenda Manza. Hapa ndo nilikuwa napataka muda mrefu. Aprili 1915 meli ya Mjerumani inaitwa Rubens, ilikuja imejifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilizunguka kusini mwa Afrika ikakimbilia ghuba hii huku manowari ya Mwingereza, Hyacinth, inaipiga mizinga. Nahodha akaipandisha maji madogo, ikawaka moto juu, Mwingereza akajua imekwisha akaondoka. Chini ya moto mzigo ulikuwa mzima: bunduki za Mauser 98 karibu 1,800 na mamilioni ya risasi, ila zimelowa maji ya chumvi. Wakazipandisha nchi kavu, zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Mikono ya nani unadhani? Ya watu wa hapa hapa.

Mzee mmoja alinikaribisha barazani, shikamoo, marahaba mwanangu, tukala mihogo na chai ya rangi. Nilipomueleza shida yangu akaingia ndani akatoka na kopo la kahawa. Ndani kuna vifungo, sarafu, na ganda moja la shaba limekuwa la kijani. "Hili nlilipata shamba la baba, nalima. Tuliambiwa la meli ya Mjerumani."

Nikaligeuza kitako. Maandishi yamegawanyika pande nne, nikasoma S67, ndo shaba ya njano yenye asilimia 67 ya kopa, yaani shaba nyekundu, pembeni 14, mwaka. Alafu nikaona fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti kikigongwa na sindano ya bunduki. Haina alama ya kupigwa! Nzima, bapa, haijaguswa na sindano, lakini kichwa cha risasi hakipo, na mdomoni mwa ganda kuna mikwaruzo miwili inayotazamana kama ya koleo. Ganda ambalo halikufyatuliwa, lilifunguliwa na mtu. Sikuligonga wala kulichokonoa, fataki ya namna hiyo huwezi kuiamini hata ikiwa na miaka mia. Nililipima, milimita 57 kasoro kidogo, nikalipiga picha kila upande na mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Nikamwambia mzee nachokiona. Akakaa kimya muda, akalichukua akapitisha kidole mdomoni pale penye mikwaruzo, mara mbili, mara tatu. "Basi kuna mtu alikaa akalishika hivi," akasema. Akamuita mjukuu wake alete kalamu, akataka nimuandikie kila herufi na maana yake, nikachana ukurasa wa daftari nikaandika kwa herufi kubwa, yeye akaukunja akauweka ndani ya kopo, chini ya ganda, akafunika. Bodaboda alikuwa ananiita, magharibi inaingia.