Siku Moja ya Kuripoti Vifurushi Vilivyopitwa na Wakati katika Arch Linux

Saa 2 asubuhi. Arch Linux ni mfumo endeshi ambao programu zake huja kama vifurushi, na mimi huwaarifu watunzaji wake kifurushi kikipitwa na toleo jipya. Naanza na `nvchecker`, zana ya kukagua matoleo. Faili lake la mipangilio linataja kila programu ninayoifuatilia na mahali watengenezaji wake wanapotoa matoleo. Ikimaliza, `nvcmp` inaonyesha zipi zimesonga mbele. Kwa vilivyomo kwenye mashine natumia `checkupdates`, inayoorodhesha masasisho tu, kamwe si `pacman -Sy` (`pacman` ndiyo kisakinishi cha vifurushi cha Arch). Hiyo ya pili inasasisha orodha bila kusasisha mfumo, na ukisakinisha kitu kimoja baadaye huenda kikavuta maktaba mpya zisizopatana na vilivyobaki.

Saa 3. Kuchuja, na hapa ndipo ripoti nyingi hufia. Je, seva ya nakala ninakopakulia vifurushi ndiyo imechelewa? Fungua ukurasa wa kifurushi kwenye tovuti ya Arch. Je, toleo jipya liko tayari `extra-testing`, hifadhi ya majaribio? Basi linajaribiwa, nyamaza. Je, mwingine ameshakitia alama ya kuwa kimepitwa na wakati? Tarehe iko palepale.

Saa 4. Natazama kama toleo ni imara. Alpha, beta na rc (matoleo ya majaribio) haziripotiwi, na lebo tupu ya Git, chombo cha kuhifadhi msimbo, bila tangazo naiacha isubiri. Jaribu hili kwa `vercmp`, inayolinganisha matoleo mawili (-1: la kwanza ni la zamani zaidi; 1: ni jipya zaidi):

`vercmp 2.0rc1 2.0` inatoa -1
`vercmp 2.0.rc1 2.0` inatoa 1

Nukta moja tu! Ukifungasha rc kwa namna ya pili, 2.0 ikitoka pacman itaiona ni ya zamani, na dawa inayobaki ni kuongeza `epoch`, namba inayotangulia toleo na kulishinda, ambayo haiondoki tena.

Saa 5. Sasa naripoti. Ujumbe ni mstari mmoja: namba ya toleo na kiungo cha tangazo lake. "Tafadhali sasisheni" haimsaidii mtunzaji. Programu ikigoma kufunguka, hilo ni hitilafu; linaenda GitLab ya Arch, panaporipotiwa hitilafu.

Saa 8 mchana ni zamu ya AUR, hifadhi ya vifurushi vinavyotunzwa na watumiaji. Kifurushi chenye `-git` (kinachojengwa kutoka msimbo wa karibuni kabisa) hakitiwi alama kwa sababu tu namba yake ni ya zamani, maana `pkgver()` huihesabu upya wakati wa kujenga. Kwa vingine najaribu mwenyewe kwanza: nabadilisha `pkgver` (namba ya toleo), narudisha `pkgrel` (namba ya ujenzi) kuwa 1, naendesha `updpkgsums` kusasisha namba za uhakiki wa faili, kisha `makepkg` kujenga kifurushi. Ikijengeka, maoni yangu yanasema hivyo. Isipojengeka, nataja utegemezi uliokosekana.

Saa 10. Kuna ucheleweshaji wenye sababu. Python ikihamia toleo kama 3.13, moduli zake zote hujengwa upya kwa kuwa zinakaa `/usr/lib/python3.13/site-packages`. Kumsukuma mtunzaji katikati ya kazi hiyo ni kumpotezea muda.

Tena namba haisemi kila kitu. Machi 2024 ilipogundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana faili, yamepandikizwa mlango wa siri, Arch ilitoa 5.6.1-2, iliyojengwa kutoka Git badala ya faili la msimbo lililofungashwa na mradi. Anayelinganisha `pkgver` pekee angeona 5.6.1 kwa 5.6.1 na kusema hakuna jipya.

Saa 12 jioni napitia alama za zamani za AUR. Wiki mbili zikipita mtunzaji hajajibu, naomba kifurushi kiachiliwe ili mwingine akitunze. Kilichokaa na alama siku 180, ombi hilo hukubaliwa lenyewe.