Tulivyocheza upatu wa muda

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka sita. Walikuwa barazani na mtoto wa jirani wakicheza mchezo wa baba na mama. Vifuniko vya chupa ndiyo sufuria, mchanga ndiyo wali. Mwenzake akamsogezea ndala akalie, "Mama, karibu ukae." Binti yangu hakugeuka hata kidogo. "Mama hakai," alisema, akaendelea kukoroga mchanga amesimama.

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika beseni la nguo. Nimesimama, ndiyo.

Kulwa na Doto walikuwa na mwaka na miezi minne. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, nabandika uji, napiga pasi sare, gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili kasoro. Pacha nawapitisha kwa mama anayelea watoto mtaa wa pili, halafu nagombania daladala Tabata mpaka Kariakoo, ambako naandika hesabu za duka la vitenge. Kurudi nyumbani ni saa moja na nusu usiku, na siku yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Dada wa kazi alikwenda kwao kula sikukuu, ikarudi meseji yake tu. Baba watoto ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani amelala.

Likizo ya uzazi nilipata, tena ndefu. Sheria ya kazi inampa mama siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anapewa siku 100. Siku 16 kwa binadamu mzima wa nyongeza! Nilicheka peke yangu nikiwa nimebeba mmoja kwapani na mwingine mgongoni.

Ila katika siku hizo 100, arobaini za kwanza zilikuwa za kifalme. Bibi alitoka Pangani na kapu lake. Kila asubuhi ananikanda kwa kanga iliyochovywa maji ya moto, ananifunga mkaja tumboni, ananikalisha ninywe uji wa pilipili manga mpaka niuone mwisho wa bakuli. Nikitaka kuinuka kufua ananitazama tu, narudi kukaa. Siku ya arobaini na moja akakunja kanga zake akapanda basi. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kwetu Pwani mwanamke anatunzwa kikamilifu mara mbili: akiwa bibi harusi, na akiwa mzazi. Katikati ya hapo na baada ya hapo, ajitegemee.

Mama mkwe nilipomlalamikia alisema wao walilea tisa na hawakufa. Sikumjibu, lakini niliuona ua wa kwao: mashemeji watatu, bibi mmoja, na wasichana wa ndugu wasiohesabika. Mimi nina ukuta na jirani nyuma ya ukuta.

Ni hao majirani walioniokoa. Tulikuwa wanne tunacheza mchezo wa upatu, kila mmoja anachanga shilingi 20,000 kila Jumamosi na mmoja anapokea zote kwa zamu: mimi, Mwalimu wa shule ya msingi, Nesi, na Mama Genge anayeuza nyanya pale kona. Jumamosi moja Nesi alitoka zamu ya usiku, macho mekundu, akaweka noti yake mezani akasema, "Jamani, mimi mngenipa usingizi ningeshukuru kuliko hizi hela." Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari lile lile la mchezo, akapiga mistari ukurasa wa nyuma, akaandika majina yetu manne na tarehe. "Upatu wa muda," alisema. "Kila Jumamosi mmoja anapokea. Saa tisa alasiri mpaka kumi na mbili jioni. Watoto wake tunagawana."

Jumla ya watoto ilikuwa kumi, wanne wakiwa wa Mama Genge, na ndiyo sababu aliyeshangilia zaidi alikuwa yeye. Ikifika zamu yangu pacha wanakwenda kwa Nesi mwenye mmoja tu, binti mkubwa anakwenda kwa Mwalimu. Nesi akipangiwa kazi siku yake, anabadilishana na mwenzake. Simu hairuhusiwi isipokuwa kuna homa, damu au mtoto haonekani.

Zamu yangu ya kwanza niliiharibu. Nilianza kwa kusuuza vikombe viwili tu. Vikombe vikaniita kwenye sufuria, sufuria zikaniita jikoni kote, saa kumi na nusu nilikuwa nimetoa kila kitu kwenye friji nasugua barafu kwa mwiko. Mama Genge akaja kuchukua ndala ya Doto aliyoisahau. Akanikuta povu limefika viwikoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama Mapacha, umetuibia. Tumechanga, umepokea, umekwenda kumwaga mtaroni." Niliona aibu kama niliyekimbia na hela za kikoba. Jioni ile tukaweka kanuni ya pili: ukikutwa unafanya kazi ya nyumbani katika zamu yako, faini ni kilo ya sukari kwa aliyekaa na watoto wako. Nilikuwa wa kwanza kulipa.

Zamu ya pili nikaenda saluni. Nilitaka rasta ndogo ndogo, muda haukutosha, nikaishia kusukwa twende kilioni. Shingo iliuma, redio ilipiga kelele, na mazungumzo yote yalikuwa ya ndoa ya mtu. Wapo wanaopumzika saluni, Mwalimu ni mmoja wao, anarudi amenawiri. Mimi natoka nimechoka zaidi na hela imepungua. Zamu ya tatu nililala fofofo kuanzia saa tisa mpaka adhana ya Magharibi, nikaamka kichwa kizito, na usiku kucha nikawa nahesabu bati. Siku hizi nikilala mchana natega saa nusu saa, basi.

Ilikuwa zamu ya nne ndipo nilipompigia bibi simu nikamwuliza habari za singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi mwili. "Unaolewa tena?" akauliza. Nikamwambia hapana, nataka tu. Kimya. Kisha akaanza kunitajia.

Liwa, yaani unga wa msandali, nilinunua Kariakoo kwenye meza za viungo, ile iliyosagwa tayari kwa kuwa jiwe la kusagia sina. Waridi kavu gao moja, mrehani, karafuu, na chupa ndogo ya marashi. Maua ya mkadi na kilua bibi aliyasisitiza sana ila kwangu hayakupatikana, nikaacha. Unatwanga waridi na mrehani kwenye kinu mpaka vilainike, unachanganya na liwa, unamiminia marashi kidogo kidogo hadi upate rojo zito linaloshika kidoleni. Kosa langu lilikuwa kwenye karafuu. Nilitia kiganja kizima nikidhani harufu ndiyo dawa. Nilipojipaka mikononi na shingoni ngozi ikaanza kuwaka kama nimepakwa pilipili, nikakimbilia bombani. Bibi aliposikia alicheka mpaka akakohoa: karafuu ni kali, ni punje mbili tatu kwa bakuli, na unajaribu kwanza ndani ya kiwiko kabla ya kujipaka mwili mzima. Hilo la kiwiko angeniambia mapema.

Sasa najua. Nakaa juu ya kigoda bafuni, naanza na miguu. Unapaka, unaacha inyauke kidogo, halafu unasinga kwa kiganja, taratibu, na taka zinatoka zimeviringana kama tambi nyeusi. Kwenye visigino huwa nakawia. Visigino vyangu vilikuwa vimepasuka hata vinanasa kwenye shuka, na sikuwa nimeviangalia tangu harusini. Nikimaliza najimwagia maji ya vuguvugu, najipaka mafuta ya nazi, navaa dera, nafukiza udi kidogo kwenye chetezo. Dirisha huwa wazi, maana mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Kisha nakaa barazani na chai ya tangawizi, na kwa mara nyingi sifikirii chochote cha maana. Nahesabu bodaboda zinazopita.

Baba watoto alipoikuta habari hii aliuliza, "Kwa hiyo mnapeana watoto ili mkae tu?" Nikamwambia ndiyo. Akaguna. Mwezi uliofuata alikuwepo siku ya zamu ya Mwalimu, watoto wake wawili wakaletwa kwetu, na nilikuwa nimekwenda msibani. Alikaa na watano kuanzia saa tisa. Niliporudi nilimkuta amekaa chini sakafuni, Kulwa amemkalia kichwani, televisheni inaonyesha katuni kwa sauti ya juu kabisa. Hakuuliza tena. Siku zake akiwa nyumbani pacha anawaogesha yeye.

Siwezi kusema nyumba imekuwa pepo. Bado naamka saa kumi na nusu, na daladala bado ni vita. Masaa matatu kwa wiki nne ni kidogo mno ukiyapigia hesabu, na mimi kazi yangu ni hesabu. Lakini yameandikwa kwenye daftari, yana tarehe, na kuna wanawake watatu watakaonidai nikiyapoteza. Kabla ya hapo kila siku nilijiambia nitapumzika kazi zikiisha.

Nesi alihamishiwa Dodoma mwezi wa tatu. Nafasi yake ameichukua mama mmoja mwenye duka la dawa, ambaye zamu yake ya kwanza alikutwa anachambua mchele chumbani amefunga mlango kwa ndani. Amelipa sukari yake. Jumamosi hii ni yangu. Liwa ipo nusu kopo, waridi limeisha. Ijumaa nikitoka kazini nitapitia kwenye meza za viungo.