Ukiandika jina lako kwenye ratiba, njoo

Watu wapya wakishakaa klabuni kwetu mikutano kadhaa huwa wananifuata pembeni na swali linalofanana, dada nifanyeje na mimi niheshimike kama fulani, na huyo fulani karibu kila mara ni yule anayeongea vizuri, sauti anayo, watu wanacheka anapotaka wacheke. Naelewa, hata mi nampigia makofi. Ila jibu langu ni lile lile na leo naliandika lote hapa: kwenye klabu ya kuongea mbele za watu utaheshimika pale wenzako watakapojua kwamba ukisema utakuja, unakuja, na ukija umejiandaa. Makofi utayapata kwa hotuba nzuri, yanaisha ukikaa kwenye kiti. Kuaminika ni kitu kingine kabisa na kinachukua muda.

Sisi ni klabu ya Toastmasters, jumuiya ya dunia nzima ya klabu za kujifunza kuongea mbele za watu, tuko hapa Dar, na kipindi hiki nimeshika nafasi ya makamu wa rais upande wa elimu, yaani ndo mpanga ratiba, nani atatoa hotuba, nani atamtathmini, nani atashika saa. Kwa hiyo haya mambo nayaona kwa ndani.

Kwa ambao hawajawahi kuhudhuria, kitu cha kwanza kujua ni kwamba hakuna mwalimu. Ralph Smedley, aliyekuwa anafanya kazi YMCA, kile chama cha vijana wa Kikristo, alianza kulijaribu hili wazo mwaka 1905 kule Bloomington, Illinois, na klabu ambayo leo inahesabika kama ndo mwanzo wa yote ikakutana Santa Ana, California, Oktoba 22, 1924. Alichokijenga ni rahisi kukieleza, mtu anaongea, wenzake wanamsikiliza na kumwambia walichokiona, alafu wanabadilishana. Ndo hivyo mpaka leo. Sasa fikiria maana yake, kama hakuna mwalimu anayelipwa basi kila mtu aliyepangwa siku hiyo ndo mwalimu wa mwenzake, na asipokuja darasa lina pengo ambalo hakuna wa kuliziba kwa mshahara.

Majukumu yenyewe ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mwendesha mkutano, kuna wasemaji wenye hotuba walizoandaa, kuna anayetoa maswali ya papo kwa papo, kila msemaji ana mtathmini wake, kuna mtathmini mkuu anayeangalia mkutano mzima, kuna anayeangalia matumizi ya lugha, kuna anayehesabu "aaa" na "eee" na "yaani" zako zote, na kuna mtunza muda. Huyu wa mwisho ndo nataka nimuongelee kwa kirefu sababu ndo kazi inayodharauliwa kuliko zote, mtu ukimpa anakuangalia kama umemwambia akafagie ukumbi.

Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7. Ikifika 5 mtunza muda anainua kadi ya kijani, 6 njano, 7 nyekundu. Msemaji haangalii saa yake, anaangalia zile kadi, na akili yake yote iko kwenye maneno. Sasa mtunza muda awe anachat. Kijani inatoka imechelewa, iko dakika ya sita na nusu, msemaji anaiona anajua bado ana dakika mbili nzima, anavuta pumzi, ndo kwanza anaingia kwenye kile kisa alichokiweka mwishoni makusudi ili watu waondoke nacho, sentensi ya tatu tu ghafla nyekundu hii hapa, anababaika, anakata kisa katikati, anasema asanteni, anakaa. Wiki kadhaa za kujiandaa zimeondoka na meseji moja ya WhatsApp. Na kwenye mashindano ni mbaya zaidi, hotuba ya dakika 5 hadi 7 ikiisha chini ya dakika 4 na sekunde 30 au ikivuka 7 na sekunde 30 unaondolewa, hata kama ulikuwa bora kuliko wote ukumbini. Kwa hiyo mtu anayeinua kadi kwa wakati wake kila wiki, jicho kwa msemaji jicho kwa saa, huyo mi namheshimu sana na simfichi.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Mkutano wetu unaanza saa 12 jioni. Meseji zinaanza kuingia saa 10. "Samahanini wapendwa leo sitaweza kufika, mkutano mwema." Huyo aliyeandika alikuwa mtathmini, jina lake liko kwenye ratiba tangu mwanzo wa mwezi, aliliandika mwenyewe hakulazimishwa na mtu. Anachokiona yeye ni kwamba amekosa mkutano mmoja, atakuja mwingine. Asichokiona ni yule dada aliyepangwa kuongea, ambaye amefanya mazoezi mbele ya kioo, ametoka kazini mapema kwa kuomba ruhusa, amekaa kwenye gari kutoka Mbagala, na sasa hotuba yake itatathminiwa na mtu niliyemvuta kwenye kiti dakika kumi kabla, ambaye hajui lengo la hotuba ni nini, hajasoma hata ukurasa mmoja wa kile alichokuwa anakifanyia mazoezi. Atasema nini huyo? Atasema umependeza, umejiamini, hongera, ongeza sauti kidogo. Dada wa watu anarudi nyumbani na "ongeza sauti kidogo".

Sikatai kwamba kuna dharura. Msiba ni msiba, mtoto akishikwa na homa utaenda hospitali, huna haja hata ya kujieleza, na bosi wa Dar tunamjua anaweza kukuitia kikao saa 11 kasoro. Mvua ikinyesha jiji hili halipitiki, sote tunaishi hapa hapa. Ninachoomba ni kitu kidogo sana. Ukijua Jumatatu kwamba Alhamisi hutakuwepo, sema Jumatatu. Alafu kabla hujanitumia mimi meseji, mpigie mwenzako mmoja umuombe akushikie nafasi, ukimpata ndo uniandikie "sitakuwepo, fulani amekubali kunishikia". Meseji ya hivyo ikiingia yaani nafurahi kama vile umekuja. Na zaidi ya yote mpigie msemaji wako, yeye ndo unayemdai, mimi ni mpanga ratiba tu. Na kama hujui kama utaweza, usiandike jina. Kuniambia hapana mapema ni heshima kubwa, nitatafuta mwingine na wala sitakununia, afadhali hiyo mara mia kuliko ndio ya kunifurahisha ambayo haina mtu nyuma yake.

Ukijiunga kuna ahadi unayoikubali kwenye fomu, watu wengi wanasaini bila kuisoma. Iko wazi kabisa, kuhudhuria mara kwa mara, kuandaa hotuba zako vizuri, kujiandaa kwa majukumu uliyopangiwa na kuyatimiza, kuwapa wenzako tathmini inayosaidia, kuwatendea wenzako na wageni kwa heshima, kukubali uongozi unapoombwa. Sisi wenyewe tumekuzwa na ahadi ni deni, bibi zetu hawakutufundisha kwa fomu, kwa hiyo sioni kwa nini ikifika kwenye klabu tuichukulie kama yale masharti ya app ambayo mtu anabonyeza tu kubali.

Tuna mzee mmoja klabuni, mstaafu, zamani alikuwa mhasibu. Jukwaani hana mbwembwe, sauti yake ndogo na akiongea anashika kingo za meza. Lakini akisimama ukumbi wote unatulia, na wapya huwa wanashangaa kuna nini. Kuna hivi. Akipangiwa kukutathmini anakupigia siku mbili kabla, anakuuliza hotuba yako ina lengo gani na wewe mwenyewe unataka akuangalie nini hasa, macho, mikono, sauti au mpangilio. Siku yenyewe anafika mapema na kaunta buku lake, ukurasa kaugawa kwa rula, kushoto anaandika maneno yako kama ulivyoyatamka, kulia anaandika alichokiona wakati unayatamka. Ukimaliza hakwambii umejiamini. Anakusomea sentensi yako mwenyewe, anakwambia hapa ulikimbia, jaribu kusimama kidogo kabla ya jina la baba yako, watu walitaka kulisikia. Kila mtu ukumbini anajua siku moja itakuwa zamu yake kusomwa na lile daftari, na anataka. Ile ndo heshima, na ameipata kwa kazi ambazo wengine wanazikwepa.

Kuna jambo jingine ambalo hapa kwetu lina uzito wake, kumtathmini mkubwa. Tumelelewa kwamba mtu mzima hasahihishwi mbele za watu, alafu unakuja klabuni unakuta kijana wa chuo mwaka wa pili amepangiwa kumtathmini meneja mwenye umri wa baba yake. Nimeona vijana wakikimbia hiyo zamu, wanaugua ghafla. Na nimeona wengine wanaenda upande wa pili, wanasifia dakika tatu zote mpaka muda unaisha, ambapo nako ni kumnyima mtu alichokuja kukifuata. Ila kuna kijana mmoja alifanya vizuri mno, alisimama akaanza na shikamoo yake, ikaitikiwa, akamwambia mzee asante kwa kutuamini na kisa cha mama yako, nilikuwa na wewe mpaka pale ulipofika hospitalini, pale ukaangalia karatasi mi nikakupoteza, ningependa sana ile sehemu utuangalie sisi. Akaongeza na vitu viwili vizuri alivyoviona, akakaa. Hakumwambia mzee umekosea popote. Alisema yeye kama msikilizaji alipata nini na alipotelea wapi, na hilo hata mtoto ana haki ya kulisema. Baada ya mkutano yule meneja alimfuata mwenyewe akamuomba namba. Adabu na ukweli vinakaa pamoja vizuri tu, na dakika 2 hadi 3 za tathmini zinatosha kabisa kama umesikiliza.

Kusikiliza nako ni jukumu ingawa haliko kwenye ratiba. Wapo wanaokuja siku ya hotuba yao tu, wanaongea, wanapokea tathmini, wanakusanya makofi, wiki inayofuata hawapo mpaka zamu yao nyingine. Wale watu wenye vipaji wengi wako kundi hili, inasikitisha. Hawajui kwamba watu wanahesabu. Na vitu vidogo vidogo, ukichelewa na mtu anaongea subiri mlangoni hadi makofi yapigwe ndo uingie, usipite mbele yake unatafuta kiti. Simu iwe kimya, sio kutetema juu ya meza. Mgeni akiwa peke yake kaa naye umuelezee kinachoendelea. Hivi havihitaji kipaji chochote.

Nikisoma historia ya hii jumuiya kuna mtu ananigusa sana, Helen Blanchard. Mpaka mwaka 1973 wanawake walikuwa hawaruhusiwi rasmi. Yeye aliingia 1970, na ili apite wakamuandikisha kwa jina la Homer Blanchard. Mwaka 1985 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Toastmasters duniani. Miaka kumi na tano, kutoka kuingia kwa jina la kiume hadi kuongoza jumuiya nzima kwa jina lake. Cheo kile hupewi kwa hotuba moja tamu, unapita nafasi moja baada ya nyingine na watu wanakupigia kura sababu wameshakuona ukifanya kazi. Mimi kama mwanamke napanga ratiba leo, hilo silisahau.

Uongozi klabuni nao uko hivyo hivyo, wa mwaka unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na mtu akiomba kura sisi hatukumbuki alivyochekesha, tunakumbuka kama alikuwa anarudisha funguo za ukumbi. Klabu inaweza kufa kabisa, inatakiwa ibaki na wanachama wasiopungua 8 ili iendelee kuhesabika, na zinazokufa huwa hazifi kwa kukosa wasemaji wazuri. Wasemaji wanachoka kuongea mbele ya viti vitupu na watathmini wa kukamatwa mlangoni, wanaacha kuja mmoja mmoja.

Kwa waliopotea na wanaona aibu kurudi, rudini jamani, hakuna atakayewasimamisha mbele kuwauliza. Mwenzetu mmoja alipotea muda mrefu, alikuwa ameacha watu kwenye mataa zaidi ya mara moja na alijua tunajua. Aliponiandikia nikamwambia kaka karibu sana, Alhamisi nina nafasi ya mtunza muda, iko wazi. Nilitegemea atakataa. Akaichukua, akafika kabla ukumbi haujafunguliwa, akaomba kadi azijaribu kama zinaonekana mpaka mbele pale msemaji anaposimama, akahamisha kiti mara mbili sababu taa ilikuwa inapiga vibaya. Wiki iliyofuata akaiomba tena kazi ile ile, na nyingine tena. Hotuba hakuomba, nilimpangia mimi. Iko mwezi ujao, ya pili kwenye ratiba, na aliyejiandika kumtathmini ni yule mzee wa kaunta buku, bila kuombwa na mtu.