Siku 21 za Dawa Mbili Baada ya Kiharusi Kidogo

Kijiko kilinidondoka asubuhi, na nilipotaka kusema neno, ulimi ukawa mzito. Picha ya kichwa ilipoonyesha kwamba ubongoni hakuna damu iliyovuja, daktari aliniandikia dawa mbili za kuzuia damu isigande, aspirini pamoja na klopidogreli: siku ya kwanza miligramu 300 za klopidogreli kwa mkupuo, kisha 75 kila siku, kwa siku 21 tu, baadaye nibaki na aspirini peke yake.

Hapo washauri wakajitokeza. Mmoja alisisitiza kwamba dawa iliyokuokoa haiachwi. Mwingine aliapa kwamba dawa mbili za namna hiyo zitanimaliza. Bado naudhika nikiwakumbuka, kwa kuwa kiharusi hurudi zaidi katika siku za mwanzo, ilhali hatari ya kuvuja damu huongezeka kadiri dawa hizo mbili zinavyoendelea kutumiwa pamoja. Katika utafiti wa CHANCE uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2013, waliopata kiharusi tena ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 8.2 kwa walioanza na dawa mbili, na 11.7 kwa waliotumia aspirini pekee.

Nilikuwa nimeandika tarehe nyuma ya kila kidonge kwenye pakiti, na cha mwisho nikakizungushia wino mwekundu. Siku ya tisa pua ilitoka damu. Niliinua uso juu, damu ikateremkia kooni, nikaingiwa na hofu, na kesho yake sikumeza klopidogreli. Daktari alipoishika ile pakiti, alikiona mara moja kidonge cha siku ya kumi kikiwa bado mahali pake. Hakunigombeza, alinieleza kwamba mwili huzalisha kila siku chembe sahani mpya, zile chembe za damu zinazoifanya igande, na hizo ndizo zinazopata nafasi ya kugandisha damu dozi inaporukwa. Akanifundisha kuketi wima, kuinama mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Kisha akauliza ni dawa gani nyingine ninayomeza. Ilikuwa ibuprofeni, ya goti, ambayo sikuwahi kuihesabu kuwa dawa! Huongeza uvujaji wa damu, na tena huweza kudhoofisha kazi ya aspirini, akaniruhusu parasetamoli.

Kidonge chenye wino mwekundu nilikimeza kwa tarehe yake. Asubuhi iliyofuata, kwenye kiganja cha mkono uleule uliodondosha kijiko, kulikuwa na aspirini moja tu.