Tuktuk ya Likoni
Leo foleni ya feri Likoni ilinipa muda wa kuhesabu hasara: mahamri yangu yamelala wiki ya pili. Tuktuk ya mbele imeandikwa maneno ya Eliud Kipchoge, "Hakuna binadamu mwenye kikomo." Nikacheka peke yangu. Yeye Vienna, 2019, alimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mimi kilo mbili za unga zanishinda!

Halafu nikakumbuka: siku ile wenzake walipokezana kumkinga upepo karibu njia nzima. Nikampigia dadangu.

Mama wala hakushangaa. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Hayo si yameandikwa kwenye leso miaka yote?"

Kesho alfajiri twakanda wawili. Dada keshadai mbaazi ni zake.