Nilivyonoa kisu hadi makali yakang'aa, kwa msasa wa maji na kioo

Makali ya kung'aa huamuliwa kwenye msasa wa kwanza, ule wa kukwaruza. Nilitumia kisu cha kawaida cha jikoni kisichoshika kutu, chenye ubapa wa upana wa milimita 45, na msasa wa maji wanaotumia mafundi rangi wa magari: namba 400, 1000 na 2000 (namba ikipanda, chembe ni laini zaidi). Kinoo kizuri ni kitamu kukitumia, lakini huchimbika katikati na lazima kisawazishwe. Msasa juu ya kioo kinene hubaki tambarare, na ukichakaa unabadilisha karatasi tu.

Kioo nilikilaza juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Msasa niliuloweka kidogo, nikaulaza. Maji yaliyo chini yake huushika kwenye kioo.

Pembe niliyochagua ni nyuzi 20 kila upande. Kwa ubapa wa milimita 45, mgongo wa kisu unainuka kama milimita 15, kwa hiyo nilichonga kabari ya mbao ya kimo hicho nikawa naianzia kila mara. Nyuzi 15 zinavutia, ila chuma laini cha visu vya bei nafuu hujikunja upesi kikigonga ubao. Kisha nilipaka wino wa maka peni kwenye mteremko wa makali, nikapitisha kisu mara mbili na kuangalia. Wino ukifutika upande wa mgongo tu, umelaza kisu mno. Ukifutika pembeni kabisa kwenye makali tu, umekiinua mno.

Kwenye msasa kisu huvutwa kikitanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukiyatanguliza makali utachana karatasi. Nilinoa upande mmoja hadi mkunjo mwembamba wa chuma ukajitokeza upande wa pili, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Mkunjo huo unausikia kwa kidole gumba ukikitelezesha kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Sehemu zinazosahaulika ni mbili: pale karibu na mpini, na kwenye mzingo wa ncha, ambapo mpini unapaswa kuinuliwa kidogo ili makali yaendelee kugusa msasa.

Hapa pasiharakishwe hata kidogo. Mkunjo usipotokea, pande mbili za makali hazijakutana, na namba 2000 itasugua ubutu hadi ung'ae. Kisu kitapendeza machoni, lakini kitateleza juu ya ganda la nyanya.

Mkunjo ulipotokea kwa urefu wote niligeuza kisu, nikarudia upande wa pili. Namba 1000 nilipunguza nguvu karibu nusu; 2000 ilibaki uzito wa kisu chenyewe. Kila namba nilibadili kidogo mwelekeo wa kuvuta, ili mikwaruzo ya awali ionekane ikikatiza ile mipya. Mpaka iishe yote, sikusonga mbele. Na kati ya namba na namba osha kisu, kioo na mikono: chembe moja ya 400 inatosha kuharibu kazi ya 2000.

Kumalizia, nilipaka dawa ya kijani ya kung'arishia, yaani oksidi ya kromu, kwenye mkanda wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao, nikavuta kisu mara 10 kila upande kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza, ngozi hubonyea na kuinukia makali, nayo yanaviringika.

Kagua chini ya taa, makali yakikutazama. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Penye nukta nyeupe bado ni butu, rudi 1000 kwa sehemu hiyo.

Makali haya hukata samaki na vitunguu bila kuvichana. Kisu cha nyanya na cha nyama yenye ngozi nakiishilizia namba 1000 kisha mkanda wa ngozi mara chache, maana vijino vidogo vinavyobaki ndivyo vinavyoshika ganda.