Nyumba zilivyorudi juu ya picha za setilaiti

Niliweka picha za setilaiti kwenye X-Plane, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, kwa kutumia Ortho4XP, programu ya kutengeneza mandhari kutokana na picha hizo, nikapaa kwa hamu. Ardhi ilikuwa na rangi zake halisi, lakini nyumba na miti vilikuwa vimetoweka. Kijiji kizima kimebaki kama mkeka uliochorwa. Nilihangaika usiku kucha nikidhani picha ni mbovu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye faili la scenery_packs.ini, yaani orodha ya folda za mandhari, ambamo kilicho juu hufunika kilicho chini: folda za picha, zOrtho4XP, zilikaa juu ya yOrtho4XP_Overlays, yenye majengo, barabara na misitu. Nikazishusha folda za picha hadi mwisho kabisa wa orodha, nikahifadhi, nikawasha upya. Nilipogeuza ndege kutua, vivuli vya miti vilikuwa vimelala shambani, na barabara zimefuata mistari ileile ya pichani. Uzuri ulioje!